Barua kwa Baba Kuhusu Macho Yake

Nilicheka. Naanza na hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza mahali pengine niliona kwamba najificha. Siku mtani wa baba aliposimama mbele ya baraza letu akawaambia wateja kwamba baba yangu haoni, mimi binti yake nilikuwa nimekaa karibu naye, nashona vifungo vya shati la shule, na nilicheka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Msamala, Songea. Nilipokuwa mdogo nguo ilikuwa jambo la kungojea. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika, wakapata mita zao mbili au tatu, wakazileta kwa baba zimekunjwa kwenye gazeti kama wanaoleta mtoto kubatizwa. Alipima, akapima tena, kwa sababu kitambaa kikiharibika hakuna kingine. Kisha biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakaanza kushushwa kutoka kwenye malori ya njia ya Njombe, na kila mtu akawa na suruali. Hakuna aliyeleta kitambaa tena, isipokuwa shule zinapokaribia kufunguliwa. Kazi ya baba ikawa kubana viuno, kukata miguu ya suruali na kubadili zipu. "Zamani nilikuwa nashona mtu," alisema. "Siku hizi kazi yangu ni kumpunguza Mzungu."

Mama aliyeuza mitumba mbele ya baraza letu alikuwa Mhehe. Alikuja kuomba nafasi ya kuweka meza, baba akamwuliza kabila lake, akajibu, na mazungumzo ya kupatana yakaishia hapo. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tukaachiwa kutukanana. Mtani anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Msibani kwako anaweza kulala mbele ya jeneza akadai alipwe ndipo ainuke. Neno ambalo ndugu yako hawezi kulitamka, yeye analitamka, nawe ukikasirika ndiwe mjinga.

Kila asubuhi alifika na mzigo wake kichwani, akatusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, wakimbiaji! Bado mpo? Nilidhani mmeshaendelea na safari."

"Tulisimama kupumzika kidogo," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Tukakuta Wahehe wanatuogopa, tukasema basi tukae."

"Nani akuogope wewe na miguu hiyo? Mlitoka kusini mnakimbia, mpaka leo hamjui mlikuwa mnakimbia nini."

"Mapishi yenu ya mbwa. Tena yule wa jirani hajaonekana tangu jana. Mimi sisemi kitu."

Baba, ambaye nyumbani angeweza kumaliza mlo mzima bila kusema neno, alicheka na mwanamke yule mpaka cherehani ikasimama. Mimi nilimwita mama mtani. Nilimpenda, na nilimwonea wivu pia, kwa sababu alikuwa na ruhusa ambayo mimi sikuzaliwa nayo.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Baada ya darasa la saba nilibaki barazani na baba, nikajifundisha mwenyewe kwa vitabu vya chumba cha kusomea cha parokia. Nilikuwa na daftari la makosa. Neno nililolikosea niliandika mara kumi, na nikikosea katika zile kumi nilianza upya. Nikimsalimu mtu mzima vibaya asubuhi, jambo hilo lilinikaa kifuani hadi jioni. Kuna kitabu kimoja kilichokuwa kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo, hivyo sijui ni cha nani. Kilieleza jinsi watu wa sehemu mbalimbali wanavyolea watoto wao, na kilidai kwamba mtoto anapokua hafundishwi kula na kusema tu, anafundishwa pia mambo ya kutazama na mambo ya kutotazama. Nilinakili maneno hayo kwa mwandiko wangu mzuri. Nilidhani yanawahusu wale wa kwenye picha, watu wa visiwani huko wenye manyoya kichwani.

Mimi nilifundishwa hivi. Baba hakunieleza kushona hata siku moja. Aliniweka kando yake akashona, nami nikatazama mikono. Nikiuliza, jibu lilikuwa lile ambalo kila mtoto wa kwetu amelisikia: "Kwani huna macho?" Nikaacha kuuliza, nikageukia vitabu kwa sababu kitabu ukikiuliza mara saba hakikasiriki. Na nilipomsalimu baba nilipiga goti na kuinamisha uso. Kumkazia baba macho ni utovu wa adabu, tena kwa binti. Kwa hiyo naijua mikono ya baba kuliko ninavyojijua mimi mwenyewe. Najua kovu la mkasi kwenye kidole gumba, najua kucha ipi ina ufa. Ukiniuliza macho yake yalikuwaje nilipokuwa na miaka kumi, siwezi kukuambia.

Ndiyo maana nilianza kuona mambo kwa pembeni tu. Kwanza alikataa vitambaa vyeusi. Mteja alileta suruali nyeusi ya kwenda nayo harusini, baba akasema nyeusi si kazi ya msimu huu. Nilidhani ni ukubwa wa fundi tu, wa kuchagua kazi. Kisha watu wakaanza kulalamika. Mtu akipita upande wa barabara akisema shikamoo fundi, baba hakuitika. Kwetu usipoitikia salamu umemwambia mtu jambo zito. Wakaanza kusema fundi amelewa hela za mitumba, siku hizi haoni watu. Wakasema hivyohivyo, haoni watu, na maana yao ilikuwa anaringa.

Halafu ikaja ile ya mashati. Siku moja, baba alipokwenda kula, nilikunjua shati la shule alilolimaliza nikakuta mkono wa kushoto umeshonwa nje ndani. Mtu aliyekuwa anapima mara mbili! Nilishtuka kana kwamba nimemkuta hajavaa nguo. Nikachukua wembe, nikafumua, nikashona upya kabla hajarudi, nikalikunja kama alivyolikunja yeye. Siku iliyofuata ilikuwa kola. Baada ya hapo nikawa nakagua kila nguo saa ya chakula. Sikuweza kuvumilia kazi mbovu itoke barazani kwetu, na nilijiambia kwamba ndiyo heshima kwa mzazi. Wateja wakaendelea kumsifu fundi. Baba naye, nadhani, akaamini kwamba mikono yake bado inamtosha. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kama ningeacha shati moja tu litoke vile lilivyo, mtu angelirudisha akipiga kelele, na kelele hizo pengine zingemsaidia.

Mama yetu wakati huo alikuwa shambani Madaba, hurudi mjini baada ya mavuno. Alipokuja kuleta mahindi nilimgusia. Nilisema, "Mama, baba siku hizi anagongagonga vitu."

Akaendelea kupepeta. "Umemwuliza?"

"Hapana."

"Vizuri. Mwanamume mtu mzima akitaka kusema, atasema."

Nilitulia. Niseme ukweli, nilifurahi kuambiwa nisiulize.

Sasa ile siku. Ilikuwa karibu na kufunguliwa kwa shule, baraza limejaa. Baba aliinuka kwenda kuchukua pasi ya mkaa, akaigonga meza ya mama mtani iliyokuwa palepale ilipokuwa kila siku, na nguo zikamwagika. Watu wakangoja tusi. Mama mtani hakutukana. Alimtazama baba usoni kwa muda mrefu, kama mimi nisivyowahi kumtazama, kisha akawageukia wateja.

"Jamani, leo sitanii. Huyu Mngoni haoni. Namwangalia tangu mvua zilizopita. Mpelekeni hospitali."

Mtani anayeanza na "leo sitanii" ndipo anapoleta utani wake mkubwa kuliko yote. Kila mtu pale alijua hivyo tangu utotoni. Kicheko kilinitoka kabla sijafikiri, na baraza zima likafuata. Mzee mmoja alishika mbavu.

"Naona vizuri sana," baba akasema. "Ndiyo maana sijakuoa."

Hapo watu wakaangua. Mama mtani alibaki amesimama na blauzi ya mtoto mkononi.

"Nasema kweli, jamani. Haki ya Mungu, nasema kweli."

"Mhehe anaapa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Leteni maji ya baraka!"

Jioni alipokuwa anafunga mzigo aliniita. "Wewe mtoto, umesoma vitabu. Mimi nakuambia baba yako haoni pembeni. Nimempungia mkono hapa hivi, hakugeuka."

Nami nikamjibu jinsi nilivyofundishwa kumjibu mtani. "Mama mtani, wewe hata ukienda kuungama padre anacheka."

Aliniangalia, akainua mzigo, akaondoka. Nilijisifu moyoni kwa kupata jibu zuri haraka.

Kesho yake jibu hilo halikunipendeza tena. Nilikaa na shati lingine lililokosewa mapajani, nikaweka maneno ya mama mtani kando ya shati, na kando ya suruali nyeusi, na kando ya salamu zisizoitikiwa. Nilikuwa na vipande vyote siku zote. Sikuwahi kuviunganisha kwa sababu aliyevisema alikuwa mtani, na masikio yangu yalikuwa yamelelewa kucheka kila anapofungua mdomo. Nikakumbuka maneno niliyoyanakili kwenye daftari, nikaona aibu.

Lakini kujua hakukunipa mdomo. Nilijaribu. Nilimpelekea baba maji ya kunawa nikapiga goti nikiwa na sentensi kichwani, "Baba, naomba kuuliza," na ulimi ukakataa. Nilijua kwa akili kwamba swali ni dogo, lakini mwili wangu haukujua hivyo. Nikaamua kuandika barua.

Hapa ndipo ninapojichukia. Barua ile niliiandika kuanzia shule zilipofunguliwa mpaka mvua zilipoanza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno "kipofu," nikaichana. Ya pili ilianza na macho kabla ya salamu. Katika nyingine nilisema "nimeona kwamba huoni," na sentensi hiyo ilinitia hofu siku tatu. Nilitafuta namna ya kumwambia baba kwamba najua, bila kumwambia kwamba nilimtazama. Niliuliza vitabu vyote vya parokia, na hakuna hata kimoja kilichojua binti anamwandikiaje baba yake jambo la mwilini. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo nakala ya mwisho niliibana kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko mdogo, ulionyooka, ambao niliuonea fahari. Wiki zile zote mwanga ulikuwa unamtoka baba kidogokidogo, nami nilikuwa nahangaika na mkato uwekwe wapi.

Nilimpa kwa mikono miwili, uso chini.

"Nini hii?"

"Barua, baba."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwangu."

Nilisikia karatasi ikikunjuliwa, kisha ikikunjwa. "Nitaisoma nikipumzika," akasema, akaitia mfuko wa shati.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Wala wiki ya kwanza. Aliivaa barua ile mfukoni kila siku, aliihamisha kutoka shati hadi shati, nami niliona kona yake ikichakaa. Akawa mpole kwangu kwa namna ya ajabu. Akaniuliza kama nina viatu vya kanisani. Siku moja akasema, bila sababu, kwamba mtu huwa anakua, hata mzazi asipotaka. Nilijua amekasirika na anajizuia. Nilirudia barua kichwani neno kwa neno nikitafuta nilipomkosea. Nilipata makosa mawili ya herufi kubwa, nikalia kwa ajili ya hayo.

Haikunijia hata mara moja kwamba hakuweza kuisoma.

Mvua zilikuwa zimeshika kasi, mama mtani aliponiita kwenye kona ya duka la jirani. Alikuwa na barua yangu mkononi. Hakunisalimu kwa Kihehe.

"Baba yako kanipa nimsomee," alisema. "Ameona aibu kumpa mtu mwingine. Kaniambia, 'Mtani, binti yangu amepata mchumba, ameshindwa kunitajia kwa mdomo. Nisomee unitajie jina la kijana, nijue nijipange vipi.'"

Binti wa kwetu anamwandikia baba yake kwa lipi lingine? Wiki zote zile baba alikuwa anajiandaa kumpokea mkwe. Ndiyo maana ya viatu.

"Umemsomea?"

"Nimemsomea yote."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nimsomee tena pale mwanzo, pale unapomwambia shikamoo." Akaikunja barua kwa uangalifu. "Nimemtania kidogo ili asilie. Haikufaa. Mwambie mama yako aje kutoka Madaba, au mimi niende naye. Wewe peke yako hutaweza kusema mbele ya daktari. Nakujua."

Sikubishana. Mama alikuwa amefungwa na kupanda, kwa hiyo tulikwenda watatu, hospitali ya misheni, safari ya asubuhi nzima kwa gari la abiria kwenye tope. Daktari alikuwa mgeni, si mtu wa mkoa wetu, na alikuwa na haraka ya mtu mwenye foleni ndefu. Akamwuliza baba anaumwa nini.

"Sijambo, daktari," baba akasema. "Ni kidogo tu. Vumbi."

Daktari akaanza kuandika vumbi. Nilimwona anaandika. Nilikuwa nayajua yote, tarehe za mashati, mwezi wa suruali nyeusi, ningeweza kumwandikia ripoti ya kurasa ishirini, na nilikaa pale nimeinama, mikono mapajani. Aliyesema alikuwa mama mtani. Alisema mambo ya pembeni, na ya meza, na ya salamu, na baba alimwacha aseme, akitikisa kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Walimpima kwa taa na kwa kifaa cha kugusa jicho. Tulingoja. Daktari aliporudi alisema ni presha ya macho, kwamba inakula pembeni kwanza, kidogokidogo, bila maumivu, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe huchelewa kujua. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu dogo katikati. Atapewa dawa ya matone ili kulinda tundu hilo, akiipata kila mwezi, lakini kilichokwenda hakirudi.

"Mngekuja mwaka jana," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayekaa naye? Hukuona?"

Niliitazama mikono ya baba.

Baba ndiye aliyejibu. "Ni mtoto mwenye adabu," akasema, na alisema kwa fahari, na daktari akamwita mgonjwa anayefuata.

Tuliporudi Songea mvua ilikuwa imekatika. Mama mtani alitushusha ng'ambo ya stendi akasema anakimbia kumwona mtu aliyemwachia meza yake, anarudi sasa hivi, tusiondoke. Tukabaki wawili ukingoni mwa barabara. Nyumbani kulikuwa upande wa pili.

Mama mtani alikuwa anamshika baba popote anapotaka, mkono, sikio, ukosi wa shati. Asubuhi ile alimvuta kwenye ngazi za gari akimwita gunia la ulezi. Mimi tangu nivunje ungo sijamgusa baba. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Kitu kidogo sana, kunyoosha mkono.

"Baba," nikasema, "tuvuke."

"Kuna gari?"

"Hakuna."

Hakusogea. Nami sikunyoosha mkono. Alishika chupa ya dawa ndani ya mfuko kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya, uso wake umeelekea mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni muda mrefu nilivyotaka, kwa kuwa hakuweza kujua. Macho yake ni ya kahawia iliyofifia, na la kushoto lina mshipa mwekundu kwenye kona. Kuna mtu alipita upande wake akasema shikamoo fundi. Nikaitikia mimi, marahaba, kwa sauti ndogo, jambo ambalo si halali kabisa.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Mpita njia."

"Ah."

Barabara ilikuwa tupu. Tulisimama hapo tukingoja mpaka mama mtani akarudi.